Likipona, Tutaenda

Gari la baba lilikuwa likivuja mafuta tangu nipate akili, na liliendelea kuvuja hadi siku tulipomzika. Asubuhi ile kaka yangu alilisogeza kando ili kupisha viti vya waombolezaji, na hakuna aliyekumbuka kutandika kadibodi chini yake. Mchungaji alipomaliza kuomba, wazee wa kanisa walikuwa wameshakanyaga oili na kuchapa nyayo nyeusi kwenye nyasi zote. Mama mmoja akasema, maskini, hata gari linamlilia. Nilikasirika. Gari halimlilii mtu. Gari linavuja kwa sababu kuna mahali limeharibika na mwenyewe hakupatengeneza.

Ni gari dogo la Kiingereza, la milango miwili, la kijani kilichokolea, na paa lake ni turubai la kukunja. Liliundwa kwa ajili ya kijana mmoja, mpenzi wake na barabara laini. Halikuundwa kwa ajili ya Timau, ambako asubuhi baridi inauma vidole na mchana vumbi la mashamba ya ngano linaingia hadi kwenye chumvi. Baba alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la Mzungu mmoja. Mzungu huyo alipouza shamba ili arudi kwao, gari likabaki kwa baba. Ukiniuliza mimi, alikuwa analikimbia lile gari kuliko alivyokuwa anaikimbia nchi.

Mama yangu si wa Timau. Anatoka Kibugu, upande wa Embu, kwenye majani chai karibu na msitu. Alipochumbiwa, dada yake mkubwa alimcheka mbele ya wasichana waliokuwa wakichuma chai pamoja. Alimwambia kwamba anaenda kuolewa na baridi, na kwamba siku moja atarudi nyumbani kwa miguu, mzigo mgongoni. Mama akamjibu kuwa atarudi ndani ya gari la mchumba wake lisilo na paa, atapita polepole mbele ya kituo cha kununulia majani chai, na dada yake atalitazama mpaka macho yamchoke. Walikuwa wakitaniana tu. Lakini mzaha mzaha hutumbua usaha, na mama aliyabeba maneno yale hadi Timau.

Kila Desemba baba aliahidi kumpeleka. Kwetu mwanamke aliyeolewa harudi kwao mikono mitupu, na Kibugu ngano haimei, kwa hiyo mama alipeleka ngano kwenye kinu, akasagiwa unga mweupe, akaujaza kwenye kiondo alichokisuka mwenyewe. Siku ya safari ikikaribia, baba alichutama kando ya gari, akaivuta ile kadibodi, akayatazama madoa kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa.

“Gari linavuja,” alisema. “Likipona, tutaenda.”

Mama hakubishana. Alirudisha kiondo chini ya kitanda. Januari ilipofika na wadudu kuanza kuingia kwenye unga, alitupikia chapati, na sisi watoto tulishangilia kwa sababu nyumba nyingine zilikuwa zinakula githeri kavu ya mahindi na maharagwe. Hakuna aliyetuambia kwamba tulikuwa tunakula safari ya mama. Hadi leo siwezi kumeza chapati mwezi wa Januari, na mume wangu anadhani ni madaha.

Mtu atauliza mbona hakupanda basi. Baba hakutaka kusikia habari ya basi. “Watu wa kwenu watasema nini?” alimwuliza. “Kwamba nina gari nyumbani na mke wangu anakuja amebanwa na kuku za watu?” Basi mama akakaa. Mama yake alipofariki, ndipo alipopanda basi, peke yake, na sweta ya jirani, kwa sababu maiti haingoji gari lipone.

Na gari hilo hilo, wasomaji wangu, lilifika Nanyuki kila mwisho wa mwezi, kwa wenzake wa bia. Lilifika mnadani Meru. Lilifika Isiolo, huko kwenye jua la kupasua mawe, likarudi. Baba alikuwa na mtungi wa oili kwenye buti, na alipofika mahali alisimama, akafungua boneti, akaongeza, akaendelea. Kuvuja kulikuwa kunaijua barabara ya Kibugu peke yake. Nilianza kuliona hilo nikiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo nilimchukia baba kwa utulivu, nikimwamkia kila asubuhi kama inavyotakiwa.

Nilipoolewa nilihamia mji wa Embu, nikafungua duka la vipuri. Nauza sili na gasketi za kuzuia oili isivuje, breki, mikanda ya feni, kila kitu. Wanaume huingia wakamtafuta mwenye duka, na mwenye duka ni mimi. Mara nyingi nilikwenda Timau na gasketi mkononi nikamwomba baba anipe nafasi nilitengeneze gari. Alicheka. “Msichana hamfungulii baba yake injini,” alisema, kana kwamba nimemwomba nimvue suruali. Kwa hiyo alikufa, na gari likavuja juu ya nyasi za mazishi yake, na kaka akaanza kuwaulizia watu wa vyuma chakavu.

Ndipo habari zikaja kutoka Kibugu. Dada ya mama, huyo huyo wa utani, ambaye sisi tunamwita tata, ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lao. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla jicho moja, na lile la pili lilikuwa linafifia. Binti yake alinipigia simu akasema kama mama anataka kuonwa na dada yake, asikawie.

Nilikwenda Timau siku hiyo hiyo. “Mami,” nilisema, “ingia kwenye pikapu yangu. Kesho tuko Kibugu.”

Mama alikuwa anaambua maganda ya minji. Hakuinua macho. “Si hiyo pikapu,” alisema. “Mimi nitaenda na hii gari.”

“Hii gari inavuja!”

“Si wewe ndio unauzanga vitu za gari? Tengeneza.”

“Macho ya tata hayatangoja, mami. Ngoja ngoja huumiza matumbo.”

“Tumbo yangu imezoea,” alinijibu.

Nilitaka kulia na nilitaka kulipiga teke debe la minji. Nilikuwa nimemzika mtu mmoja mwenye kiburi, na sasa kiburi chake kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha mama na kuvaa leso. Lakini nilimwelewa pia, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alitaka kitu kimoja maishani mwake, kwamba dada yake alione gari lile na yeye akiwa ndani. Sasa kitu hicho kilikuwa kinazimika kila asubuhi katika jicho la mtu mwingine.

Kwa haraka yangu nilimwita fundi kutoka Meru mjini, mtu anayesifiwa kwa magari ya zamani. Alifungua boneti, akasonya, akatabasamu. “Madam, hii ni kitu kidogo sana. Hizi gari za wazungu zilitoka kiwanda zikivuja. Tunapaka silikoni kila mahali, inanyamaza.” Akapaka. Alipaka silikoni ya buluu kwenye kifuniko cha juu ya injini, kwenye trei ya oili ya chini, mbele, kando, mpaka injini ikaonekana imeumwa na nyuki. Kisha akazikaza skrubu kwa nguvu zake zote, akakipinda kifuniko cha juu. Gari lilinyamaza mpaka sokoni na kurudi. Keshoye kadibodi ilikuwa imelowa.

Nikamrudisha. Akapaka tena. Likavuja tena, safari hii kwa nyuma, pale injini inapokutana na gia. Mara ya mwisho aliketi juu ya tairi, akajifuta mikono, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwenyewe alikufa na kisirani na mtu? Mmeombea hii gari?” Nilimwonyesha lango. Mama, aliyekuwa amesikia, aliwaita wanawake wa kanisa, wakaja na vitabu vyao vya nyimbo, wakaweka mikono juu ya boneti na kulikemea pepo la kuvuja. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikiwatazama, na nakiri nilisema amina.

Wiki zilikuwa zinakwenda. Binti wa tata alipiga simu akasema sasa anaona vivuli tu.

Nikafunga duka, nikavaa ovaroli ya baba, nikaanza mwenyewe. Niliikwangua silikoni yote kwa kisu cha jikoni. Niliiosha injini kwa mafuta ya taa na brashi mpaka chuma kikaonekana. Nilinyoosha kifuniko kilichopindwa, nikaweka gasketi mpya juu na kando, nikabadilisha sili ya mbele, nikaiteremsha ile trei ya chini na kuifunga upya kwa kukaza skrubu kidogo kidogo, huku na huku, bila hasira. Kwa hasira hakuna kinachokaa sawa, na mimi hasira nilikuwa nayo ya kutosha kukaza magari ya Timau nzima.

Likavuja.

Sasa nikatafuta linavuja kuanzia wapi. Injini ikiwa safi na kavu, unainyunyizia poda, unaiwasha, na pale poda inapolowa kwanza ndipo penye kasoro. Sikuwa na poda. Mama aliingia ndani akatoka na kile kiondo. Alikuwa ameshasaga unga wa ngano wa kumpelekea dada yake, hata kabla gari halijapona, kama kawaida yake. “Chukua hii,” alisema. Nikaipaka injini unga wa safari, nikaiwasha.

Unga ulilowa kila mahali kwa mara moja. Juu, mbele, kando, nyuma. Hapo nikakaa chini. Gari linaweza kuharibikiwa na gasketi moja, hata mbili, lakini haliwezi kuharibikiwa na zote kwa sekunde ile ile wakati karibu zote ni mpya. Nikafungua kifuniko cha kutilia oili, injini ikiwa inanguruma, nacho kikaniruka mkononi, na pumzi ya moto yenye moshi ikanipiga usoni. Ilikuwa kama sufuria ya githeri iliyowekewa jiwe juu ya kifuniko. Githeri isipopata pa kutolea mvuke, itatokea kando tu, na ukiziba hapa itatokea pale. Injini nayo hupumua. Kuna bomba lake la kupumulia, na hili la baba lilikuwa halipumui.

Bomba lile lilikuwa mpira mnene kama kidole gumba, limetoka ubavuni mwa injini likapanda hadi kwenye chujio la hewa. Mtu alikuwa amelifunga hapo kwa waya, zamani sana. Nilifungua waya, nikalichomoa, nikapuliza. Halikupita hata pumzi. Nikaingiza koleo, nikashika kitu, nikavuta. Kilitoka kipande cheusi, kigumu, kinachonuka. Nilidhani ni panya. Nikakitia kwenye mkebe wa mafuta ya taa, nikakisugua kwa kidole.

Lilikuwa gunzi.

Kwetu gunzi la mahindi ndicho kizibo cha kila kitu. Linaziba mtungi wa mafuta ya taa, chupa ya asali, kibuyu cha uji. Mtoto akiona kitu chenye shingo na hakina kifuniko, anatafuta gunzi. Hili lilikuwa limechongwa vizuri kwa kisu, na lilikuwa limezungushiwa kitambaa ili likaze. Niliendelea kukisugua kitambaa. Rangi ya manjano ilianza kutokea, na juu yake vitone vyekundu.

“Hii kitambaa ni yangu,” mama alisema. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

Sikugeuka. “Ulimpa nani?”

“Sikupea mtu.” Alikichukua kile kipande mkononi mwangu, oili ikamchuruzika hadi kwenye kiwiko. “Baba yako alikuwa anasema ni vumbi inaua hii gari. Kila siku vumbi, vumbi. Siku moja wakivuna ngano aliniambia nipanguze injini. Nikaona shimo iko wazi, vumbi inaingia tu. Nikafunga.”

“Mami.”

“Nilitaka ipone. Alisema ikipona tutaenda.”

Nilimwuliza kama baba alijua. Alisema hakujua, kwamba fundi fulani alikuja baadaye akaukuta mpira umening’inia, akaufunga kwa waya bila kuangalia ndani. “Kama angejua,” mama alisema, “angenipiga.” Alisema hivyo kama anavyosema mvua itanyesha. Kisha akaenda jikoni, na alipofika akalitupa gunzi motoni. Lilikuwa limeshiba oili ya miaka yote ile, likawaka vizuri kuliko kuni.

Nilibaki chini ya boneti nikiwa na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Miaka yote nilikuwa na adui mmoja, na nilimtunza vizuri. Kumbe gari lilikuwa linavuja kweli, na baba hakuijua sababu yake, na aliyeiziba njia ya Kibugu ni yule yule aliyekuwa akiilia, kwa kisu chake na kitambaa chake cha kichwani, kwa sababu alimwamini mumewe. Nilijaribu kumhurumia baba. Nilishindwa. Nilikumbuka Nanyuki. Nilikumbuka kwamba mtungi wa oili ulikuwa unatosha kwenda Isiolo, na kwamba Isiolo hakuna mama mkwe. Gunzi lilivujisha gari, sawa, lakini gunzi halikumkataza mtu kumpeleka mkewe kwao. Na hata hivyo nilijua mama hatasikia hesabu hiyo. Yeye sasa alikuwa na gunzi lake.

Niliweka mpira mpya. Niliiosha injini tena, nikaiwasha, nikaiacha ingurume mpaka ikapata moto. Niliweka kadibodi nyeupe chini yake, kutoka kwenye katoni ya sabuni. Asubuhi kadibodi ilikuwa nyeupe vile vile. Kaka yangu alikuja kuitazama, akaigeuza upande wa pili, akaitazama tena. Nikamwambia awapigie watu wa vyuma chakavu awaambie wameota.

Tuliondoka kabla ya umande kukauka. Mama alivaa koti la kanisani na kujifunga kilemba kwa nguvu kwa sababu ya upepo. Kiondo kilikuwa mapajani mwake, unga uliobaki ndani. Tuliteremka Meru, tukapita Nkubu, Chuka, Runyenjes. Kila tuliposimama, watoto na wanaume wazima walilizunguka gari na simu zao, wakipiga picha. Mimi nilichungulia chini. Pakavu. Mama hakuuliza. Tulipopita Runyenjes alisema, “Hata si mbali.”

Tulipokaribia kituo cha majani chai cha Kibugu, aliniguza mkono. “Polepole,” alisema. Nikapita polepole. Kulikuwa na wanawake kwenye foleni na vikapu vyao mgongoni, wengi wao vijana, hakuna hata mmoja aliyemjua. Walilitazama gari. Mama alitazama mbele.

Tata alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwenye jua. Aligeuza kichwa kuufuata mlio wa injini, akakosea, akaangalia kwenye mgomba. Macho yake yote mawili yalikuwa wazi na hayakuwa na kazi. Binti yake aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hata vivuli vilikuwa vimekwisha, siku chache tu zilizopita.

Mama alishuka. Aliweka kiondo chini, akamshika dada yake mkono, akamwinua, akamleta mpaka kwenye gari na kuuweka ule mkono juu ya boneti iliyokuwa na joto. Walizungumza Kiembu, kile cha zamani ambacho mama hakuwahi kukitumia nyumbani kwetu. Tata alilipapasa lote. Alipapasa taa, kioo, mlango mfupi, akanyoosha mkono juu ya viti kutafuta paa, asilipate.

“Ni lile?” aliuliza.

“Ni lile.”

“Rangi gani?”

“Kijani.”

Tata akacheka, kile kicheko chake nilichokuwa nimesimuliwa tu. Alicheka hadi akashika mbavu, akamwambia mama kwamba ameshindwa, kwamba leo amemwona mwanamke mwenye gari. Kisha kicheko kikakatika. Alikuwa bado ameshika mlango.

“Sasa mbona umechelewa hivi?” aliuliza. “Umenichelewea, mdogo wangu. Mbona?”

Niliinama nikatazama chini ya gari, kwa sababu sikutaka kumtazama mama. Majani yalikuwa makavu, hapakuwa na tone. Nilingoja amtaje baba. Kama angemtaja ningemsaidia, nilikuwa na maneno ya miaka. Nilingoja aseme juu ya gunzi.

“Gari lilikuwa linavuja,” mama alisema.